MSUMENO WA INJINI: JINA LA KIWANDA AU MKONO WA MTUMIAJI?

Jioni moja ya masika, katika barabara ya udongo inayoshuka kuelekea mto Nyabarongo nje kidogo ya Kigali, mkaratusi mkubwa uling'oka ukalala kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi wa pili. Nyuma yake lilisimama gari lililokuwa likimpeleka mama mjamzito kituo cha afya. Sisi tulikuwa karibu, tukiwa na vijana sita na msumeno wa injini ulioletwa asubuhi ile kutoka milimani. Tulimwambia dereva asihofu, kazi ni ya dakika kumi tu.

Msumeno uliwaka vizuri. Ulizama ndani ya gogo kiasi cha shibiri moja, ukalia kwa sauti nyembamba na kali, kisha ukazimika ghafula. Kijana aliyeushika alivuta kamba ya kuwashia, nayo haikuvutika. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda. Ikabidi wananchi wa kilimani waitwe, nao wakaja na mashoka na msumeno mrefu wa watu wawili. Barabara ilifunguka baada ya saa moja na nusu. Mama alifika salama, lakini hatukuwa na la kujivunia. Waliofungua njia ni wenye mashoka.

Kesho yake tuliupeleka msumeno kwa fundi mmoja mzee mjini. Alifungua silinda, akapitisha kidole katika michirizi iliyochimbwa na joto, akatutazama. "Afande," alisema, "msumeno huu haukufa jana. Ulianza kuuawa mwezi uliopita."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Wananchi wengi hutuuliza ni msumeno upi ulio bora, wa Mjerumani, wa Msweden, wa Mjapani au wa Mchina. Swali hilo ni halali, nasi tutalijibu kwa kadiri ya uwezo wetu. Lakini yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba liko swali la pili lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: je, mwenye msumeno anaujua?

ASILI YA CHOMBO

Msumeno wa mnyororo, ambao vijana wengi huuita chenso, si chombo cha juzi. Mwaka 1926 Andreas Stihl alianzisha kampuni yake mjini Stuttgart, Ujerumani, akatengeneza msumeno wa umeme ulioshikwa na watu wawili. Mwaka 1927 Mjerumani mwingine, Emil Lerp, alijaribu msumeno wa petroli juu ya mlima Dolmar, katika Thuringia, na jina la mlima huo likawa jina la bidhaa zake. Kampuni ya Dolmar ilinunuliwa na Makita ya Japani mwaka 1991.

Husqvarna ya Sweden ina historia inayomgusa askari yeyote. Ilianza mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki, ikapitia cherehani, baiskeli na pikipiki, na msumeno wake wa kwanza wa mnyororo ukatoka mwaka 1959. Japani nayo ilituletea Echo, jina lililotokana na kampuni ya Kioritz.

Mnyororo wenyewe una kisa chake. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu wa mdudu anayekula mbao, akaona kwamba taya zake hula kwenda kushoto na kulia badala ya kwenda mbele tu. Akabuni jino la mnyororo kwa mfano huo, na mwaka 1947 akaanza kuuza minyororo kutoka jimbo la Oregon. Minyororo mingi inayokata miti leo, iwe ya kiwanda gani, ni ya ukoo wa jino lile.

UJENZI WA MSUMENO

Anayetaka kununua msumeno asianze na rangi wala na ukubwa wa maandishi ubavuni. Aanze na ganda la injini. Misumeno imegawanyika katika jamaa mbili kubwa. Jamaa ya kwanza ina ganda la plastiki ngumu, na injini imefungwa ndani yake kwa skrubu. Mfano wake ni Stihl MS 170, yenye ujazo wa sentimeta 30 za ujazo. Ni mwepesi, hauli petroli nyingi, na unafaa kwa mwenye shamba anayepunguza matawi au kukata kuni za jikoni. Jamaa ya pili ina ganda la magneziamu linaloshika shafti ya injini kwa uthabiti. Humo mna Stihl MS 381 yenye sentimeta 72 za ujazo, na Husqvarna 372 XP yenye karibu 71. Hiyo ndiyo misumeno ya mtu anayekata magogo kutwa, mwaka hadi mwaka.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumtwika punda mzigo wa lori. Mwananchi hununua msumeno mdogo wa plastiki, akaupeleka kuangusha mikaratusi yenye unene wa pipa, kisha akalaumu kiwanda. Kiwanda hakikumdanganya. Msumeno ulikuwa mzuri kwa kazi nyingine.

Baina ya wakubwa hao wawili wa magneziamu ziko tofauti ambazo mkono huzihisi. MS 381 hupunguza mtetemeko kwa vipande vya mpira vilivyowekwa kati ya injini na vishikio, ilhali 372 XP hutumia springi za chuma. Springi hulainisha zaidi mikono ya mtumiaji, mpira humpa hisia ya kuushika msumeno kwa karibu zaidi. Husqvarna aidha hutumia feni ya injini kutupa nje chembe nzito za vumbi kabla hewa haijafika kwenye chujio. Katika kiangazi, udongo mwekundu wa Rwanda unapokuwa unga, jambo hilo si dogo, kwa kuwa chujio huchelewa kuziba. Echo nayo, kwa mfano CS-590 yenye karibu sentimeta 60 za ujazo, inashika nafasi ya katikati: si mwepesi wa kushindana na 372 XP, lakini ni imara kwa mtu mwenye kazi za wastani.

Vipi misumeno ya bei nafuu inayouzwa kwa majina mengi, yenye ujazo wa 52 au 58? Tusiidharau kwa jumla, kwani iko inayofanya kazi miaka kadhaa. Shida yake ni kwamba miwili yenye sura moja huweza kutofautiana ndani: mmoja una silinda iliyopakwa vizuri, wa pili haukupakwa sawasawa. Anayeununua ananunua bahati. Basi na anunue pamoja na plagi ya akiba, mpira wa petroli na kabureta ya akiba, maana bei yake inamruhusu.

Neno la mwisho kuhusu ujenzi ni vipuri. Msumeno bora usio na pistoni ya kubadili mjini ni pambo. Makita ilikoma kutengeneza mashine za petroli mwaka 2022, kwa hiyo mwenye Makita au Dolmar ya petroli atunze alichonacho na atafute vipuri mapema. Kabla ya kutoa fedha, mwananchi amwulize muuzaji swali moja: "Nikirudi baada ya miaka mitatu, utaniuzia pampu ya oili?"

HEWA YA MILIMANI

Sasa tufike kwenye kiini cha msiba wetu. Katikati ya Kigali pana kimo cha takriban mita 1,500 hadi 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Injini huchoma petroli kwa kadiri ya hewa inayovuta. Msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam au Mombasa ukifika Kigali, petroli huwa nyingi kuliko hewa: moshi huongezeka, plagi hulowa na kuwa nyeusi, nguvu hupungua. Hapo mtumiaji hukaza skrubu ya kabureta ili apunguze petroli. Ni sawa kabisa.

Hatari iko upande wa pili. Msumeno uliokazwa Kinigi, chini ya volkano, kwenye kimo cha karibu mita 2,200, ukishushwa hadi bonde la Nyabarongo, hukuta hewa iliyo nzito zaidi kwa takriban asilimia 8. Petroli sasa ni haba. Na katika injini ya aina hii oili inayolainisha pistoni husafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Injini hulia kwa sauti tamu, nyembamba, ya kasi, na asiyejua husema, "Leo msumeno una nguvu!" Kumbe unaungua. Hivyo ndivyo wetu ulivyokufa. Mtu wa milimani aliukaza kwa haki kule kwake, nasi tukaushusha bila kuuliza. Kosa lilikuwa letu.

Rwanda ni nchi ambayo mtu huweza kufungua kinywa Rusizi, kwenye mita 950, na kula chajio katika vilima vinavyopita mita 2,000. Ni wachache duniani wanaohitaji elimu hii kama sisi.

Kabureta ya kawaida ina skrubu tatu. Iliyoandikwa L ni ya mwendo wa chini, H ni ya mwendo wa juu, na ya tatu, ambayo Stihl huiandika LA na Husqvarna huiandika T, huamua kasi ya injini inapopumzika. Kuzungusha L au H kufuata saa hupunguza petroli. Kinyume chake huongeza. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, safisha chujio la hewa, tazama plagi, tia petroli mpya na noa mnyororo. Nusu ya misumeno inayodaiwa kuharibika kabureta ina chujio lililoziba tu, na anayerekebisha kabureta juu ya chujio chafu anatibu ugonjwa usiokuwapo.

Kisha washa injini mpaka ipate joto. Rekebisha L hadi injini iitikie mara tu unapobonyeza. Weka kasi ya kupumzika, ambayo kwa misumeno mingi ni karibu mizunguko 2,700 au 2,800 kwa dakika. Mnyororo lazima usimame kimya kabisa. Ukitembea wakati injini imepumzika, mguu wa mtu umo hatarini. Mwisho shughulikia H: bonyeza hadi mwisho kwa nukta chache bila kukata kitu. Sauti sahihi si mluzi safi. Ni sauti inayogugumia kidogo, ambayo hunyooka mara meno yanapoingia ndani ya mti. Mwenye kipimo cha mizunguko alinganishe na kitabu cha msumeno wake, asipite kiwango hicho hata kidogo.

Viwanda vikubwa vimejaribu kuondoa tatizo hili. Husqvarna ina AutoTune na Stihl ina M-Tronic, ambapo kompyuta ndogo hupima injini na kujirekebishia petroli yenyewe. Kwa kikosi kinachopanda na kushuka milima, ufumbuzi huu ni mkubwa. Laiti tungekuwa nao jioni ile, silinda isingeungua. Lakini ukiharibika unataka kifaa cha uchunguzi, ambacho hakipo kila mahali, wakati skrubu tatu zinataka bisibisi na sikio. Kila mmoja apime umbali wake na fundi. Misumeno ya betri nayo haijali kimo, kwa kuwa haina kabureta. Ila kutwa nzima msituni mbali na umeme bado ni mtihani kwake.

Jambo jingine ni kiasi cha oili ndani ya petroli. Stihl husema sehemu 1 kwa 50 ikiwa oili ni yake, na 1 kwa 25 ikiwa ni nyingine ya injini za namna hii. Husqvarna husema 1 kwa 50 kwa oili yake, na 1 kwa 33 kwa nyingine. Kwa petroli lita 5, maana yake ni mililita 100, 150 au 200. Fundi alipouliza tulikuwa tumepima vipi, kijana wetu alijibu, "Kwa macho." Mzee hakucheka.

OILI YA MNYORORO

Watu wengi huchanganya oili mbili. Ile ya kwanza huingia injini pamoja na petroli. Ya pili hukaa katika tangi lake, nayo pampu huisukuma kwenye bapa la chuma linaloongoza mnyororo, ambalo mafundi huliita baa. Mnyororo hukimbia juu ya baa hiyo kwa kasi ya mita 20 na zaidi kwa nukta. Ukikosa oili kwa dakika chache tu, baa hubadilika rangi ikawa ya buluu, mnyororo hurefuka, na klachi huungua.

Hapa pia viwanda hutofautiana. Katika misumeno ya kazi kubwa ya Stihl, Husqvarna na Echo, pampu huendeshwa na ngoma ya klachi, kwa hiyo oili hutoka mnyororo unapozunguka tu. Baadhi ya misumeno midogo na ya bei nafuu huendesha pampu kwa shafti ya injini, nayo hudondosha oili hata inapopumzika. Hiyo si hitilafu, ni upotevu. Kadhalika misumeno mikubwa ina skrubu ya kuongeza au kupunguza oili, ilhali mingi ya midogo, kama MS 170, haina. Anayetia baa ndefu kwenye msumeno usio na skrubu hiyo anaitesa ncha ya baa, maana oili haifiki. Stihl aidha ina baa iitwayo Ematic, yenye mteremko mdogo ndani ya mfereji unaozuia oili isitupwe ovyo, nayo huokoa oili nyingi.

Mazoea yaliyoenea Afrika Mashariki yote ni kutia oili chafu iliyotolewa kwenye magari. Twaelewa sababu, kwani ni ya bure. Lakini Stihl na Husqvarna wote huikataza katika vitabu vyao, na si kwa tamaa ya kuuza oili zao tu. Oili hiyo ina chembe za chuma zinazokwangua pampu, na ina sumu zinazodhuru ngozi na mapafu ya mtumiaji. Zaidi ya hayo, oili ya mnyororo hairudi tangini. Yote humwagika ardhini. Inayomwagwa kilimani leo, mvua huishusha Nyabarongo kesho, na maji ya Nyabarongo ndiyo maji ya Mto Nile. Oili ya mnyororo inanata, ndiyo maana hubaki juu ya chuma. Ziko pia za mimea zinazoozea ardhini. Mafuta ya kupikia yaweza kumwokoa mtu siku moja ya dhiki, ila yakiachwa ndani ya msumeno hugeuka gundi.

Kuhakikisha pampu inafanya kazi ni rahisi. Elekeza ncha ya baa juu ya kisiki cheupe au gazeti kuukuu, umbali wa sentimeta 20, ukabonyeza injini nusu au zaidi. Baada ya muda mfupi mstari wa oili uonekane. Usipoonekana, zibua tundu la oili kwenye baa na usafishe mfereji wake. Tundu la msumeno wetu lilikuwa limeziba kwa unga wa mbao uliokauka kama saruji. Mnyororo ulikuwa umekavuka, injini ikalazimika kuuvuta kwa nguvu, na joto likaongezeka juu ya joto. Tena kumbuka desturi moja: kila unapotia petroli, tia na oili.

MENO NA TUPA

Hata msumeno wa bei kubwa kuliko yote, ukiwa na mnyororo butu, hushindwa na shoka. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao. Ulio butu hutoa unga. Ukiona unga, simama, toa tupa ya duara. Mnyororo wa inchi 3/8 wa misumeno mikubwa hutaka tupa ya milimita 5.2 au 5.5 kwa kadiri ya kiwanda, na ule wa inchi 0.325 hutaka ya 4.8. Piga kila jino idadi ileile ya mapigo, upande wa kushoto na wa kulia, msumeno usije ukakata kwa kupinda. Na anayeusukuma msumeno butu kwa nguvu za kifua huualika uruke usoni kwake. Breki ya mnyororo, kofia yenye kioo, vizuia masikio, buti na suruali ya kinga si mapambo ya Wazungu.

TUCHAGUE UPI?

Twaweza sasa kujibu. Mwenye shamba dogo atosheke na msumeno mwepesi wa jina linalojulikana, asiuonee. Mkata magogo wa kila siku achague kati ya Stihl na Husqvarna za magneziamu kwa kutazama fundi gani yu karibu naye. Tofauti iliyo kati yao ni ndogo kuliko tofauti iliyo kati ya msumeno uliotunzwa na usiotunzwa. Mwenye kazi ya wastani asiipite Echo bila kuitazama. Asiye na uwezo anunue wa bei nafuu, lakini ajifunze kabureta yake kama alifabeti. Na hawa wote wakumbuke kuomba kibali kabla ya kuangusha miti. Nchi hii imefikisha misitu asilimia 30 ya ardhi yake, kwa jasho la watu waliopanda miche kilima kwa kilima.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Twakubaliana nao nusu. Jembe halina kabureta. Katika shule ya ukadeti tulifundishwa kuivua bunduki kipande kwa kipande na kuijua gizani, lakini hakuna aliyetuambia kwamba siku moja uhai wa mtu ungetegemea tundu la oili lenye upana wa njiti ya kiberiti.

Tangu siku ile, kila msumeno ulio chini yetu umefungwa kadi ndogo kwenye kishikio. Kadi hiyo ina mistari minne: tarehe ya kurekebishwa, kimo cha mahali uliporekebishwa, kiasi cha oili ndani ya petroli, na jina la aliyezibua tundu la baa. Hakuna anayeruhusiwa kuupakia garini kabla ya kuisoma. Fundi mzee alipoiona mara ya kwanza aliigeuza nyuma na mbele, akaomba nakala aitundike ukutani mwake. Wasomaji nao wanaweza kuinakili.